Kaya za Wamijikenda na Swali la Utakatifu wa Msitu

Msitu huwa mtakatifu kwa kuwa haujaguswa na binadamu, au kwa sababu ya namna alivyougusa? Misitu ya kaya, iliyotawanyika kwa takriban kilomita 200 kwenye pwani ya Kenya, inaelekea upande wa jibu la pili.

Kaya zilianza zikiwa makazi. Mapokeo ya Wamijikenda yanasimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakifukuzwa na maadui, wakajenga vijiji ndani ya misitu minene. Miti ilikuwa boma lao. Katikati walifyeka uwanja wa nyumba. Hapo wakazika wafu wao pamoja na fingo, kago la kuwakinga wakazi. Ni rahisi kudai kwamba mwiko wa kukata miti ulikuwa mbinu ya vita iliyovishwa vazi la dini. Dai hilo halitoshi. Kufikia miaka ya 1940 karibu kaya zote zilikuwa zimehamwa na hofu ya uvamizi imekwisha, lakini mwiko ulibaki, huku mashamba yakienea hadi ukingoni. Kilichoulinda msitu wakati huo ni makaburi, na koma, yaani mizimu ya wahenga, ambao bado waliombwa humo mvua na afya. Huko Kaya Kinondo, kwa Wadigo, jamii mojawapo ya Wamijikenda ambayo wengi wake ni Waislamu, mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia.

Nguvu hiyo ya kaya hata wakoloni waliiona. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama, jamii nyingine ya Wamijikenda, alipowaapisha watu wake mwaka 1913 wasiwatii Waingereza, kiapo kilifanyika Kaya Fungo. Mwaka uliofuata serikali ikailipua kaya hiyo kwa baruti.

Tangu 1992 Kenya imekuwa ikizitangaza kaya kuwa mali ya kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 shirika hilo liliorodhesha pia mila za kaya miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na uamuzi huo ndio ulioshika kiini cha jambo. Askari wa misitu anaweza kumkamata mwenye shoka, ila hawezi kuongoza tambiko wala kumfundisha kijana kaburi lipi ni la nani. Kazi hiyo ni ya wazee wa kaya, nao wanazidi kupungua wakati vijana wengi wanatafuta ajira mjini na bei ya ardhi ya pwani inapanda.