Nani Atamwambia Mtawala Kwamba Imetosha?

Muhula uliopita darasa letu lilifanya mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba mfumo wa serikali wa kibunge huilinda demokrasia kuliko mfumo wa urais. Mimi nilikuwa upande wa watetezi wa hoja, nasi tulishinda kwa kura nyingi. Wakati wa kufunga, mwalimu wetu aliuliza swali moja: "Uganda imeishi chini ya mifumo yote miwili. Ni upi uliowalinda Waganda?" Sote tulinyamaza. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu. Ninaiandika kama raia aliyezaliwa baada ya mwaka 1986, ambaye hajapata kuona rais mmoja wa nchi yake akimkabidhi mwingine madaraka.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Katika mfumo wa urais, kama ule wa Marekani, rais na wabunge huchaguliwa mbalimbali, na kila upande hukaa kwa muda uliowekwa na katiba. Bunge haliwezi kumwondoa rais kwa sababu tu limechoshwa na siasa zake. Ni lazima athibitike kuwa na kosa kubwa. Katika mfumo wa kibunge, kama ule wa Uingereza, wananchi huchagua wabunge, na serikali hutoka ndani ya Bunge. Waziri mkuu hubaki kazini maadamu wabunge walio wengi wana imani naye. Imani hiyo ikiisha, huondoka hata kama uchaguzi mkuu uko mbali.

Watetezi wa mfumo wa kibunge wana hoja nzito. Mwaka 1990 msomi Juan Linz aliandika makala mashuhuri juu ya hatari za urais. Alisema kwamba rais na Bunge wote wanaweza kudai kuwa wametumwa na wananchi, na wakigombana hakuna mwamuzi. Alisema pia kwamba uchaguzi wa rais humpa mshindi kila kitu na kumwacha mshindwa mikono mitupu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hoja hiyo ya pili. Tumeona jinsi uchaguzi wa mtu mmoja unavyoweza kuligeuza taifa zima kuwa kambi mbili.

Hata hivyo, historia ya Uganda inaitia doa hoja hiyo. Tulipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, tulianza na mfumo wa kibunge. Milton Obote alikuwa waziri mkuu. Mwaka uliofuata Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, akawa rais wa heshima. Mwanzoni mwa Februari 1966 Bunge lilipitisha hoja ya kutaka uchunguzi ufanywe kuhusu tuhuma za dhahabu ya Kongo, zilizomgusa Idi Amin na kumkaribia waziri mkuu mwenyewe. Hapo ndipo mfumo wa kibunge ulipotakiwa kufanya kazi yake: Bunge lilikuwa limeuliza, na serikali ilipaswa kujibu.

Haikuwa hivyo. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Siku chache baadaye katiba ilisimamishwa. Mwezi Aprili wabunge walipitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameijadili. Waliambiwa nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mwezi Mei jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo, naye akakimbilia Uingereza. Katiba ya mwaka 1967 ikamalizia kazi kwa kufuta falme na kuweka mamlaka yote ya utendaji mikononi mwa rais. Kwa hiyo aliyeuvunja mfumo wa kibunge Uganda alikuwa waziri mkuu aliyezaliwa na mfumo huohuo. Na wabunge waliouzika walikuwa walewale waliochaguliwa kuulinda.

Je, basi mfumo wa urais ulitulinda zaidi? Katiba ya mwaka 1995, iliyotungwa baada ya miaka mingi ya damu, iliweka vizuizi viwili kwa rais: mihula miwili na kikomo cha umri wa miaka 75. Mwaka 2005 Bunge liliondoa kikomo cha mihula. Mwezi Desemba 2017 likaondoa kikomo cha umri kwa kura 317 dhidi ya 97. Vizuizi vyote viwili viliondolewa kwa utaratibu wa kura, na walioinua mikono yao walikuwa wabunge.

Ukiiweka miaka hiyo pamoja, 1966, 2005 na 2017, utaona kwamba jina la mfumo lilibadilika, lakini Bunge lilifanya jambo lilelile. Kila mara lilikuwa na nafasi ya kumwambia mtawala kwamba imetosha, na kila mara likampisha. Hapa ndipo swali letu linapokuwa la maadili. Mbunge ana deni kwa nani: kwa wapiga kura wake, kwa dhamiri yake, au kwa yule anayeweza kumpa cheo?

Nikiisoma katiba yetu ya sasa, ninaona kwamba imemweka mbunge mahali pagumu. Wengi tunaiita katiba ya urais, lakini kwa kweli ni mchanganyiko. Rais wetu anaruhusiwa kuteua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, na idadi ya mawaziri, wakubwa na wadogo, imekuwa ikikaribia 80. Hilo ni jambo la mfumo wa kibunge. Lakini Bunge haliwezi kumwondoa rais kwa kura ya kutokuwa na imani. Linahitaji tuhuma maalumu, uchunguzi wa majaji, na theluthi mbili ya wabunge wote. Hilo ni jambo la mfumo wa urais. Kutoka mfumo wa kibunge tumechukua kile kinachomfaa mtawala, yaani uwezo wa kuwagawia wabunge vyeo, tukaacha kile kinachomzuia. Kutoka mfumo wa urais tumechukua ulinzi wa rais, tukaacha ule mpaka wa Marekani unaomkataza mbunge kuwa waziri papo hapo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mbunge anayetazamia uwaziri hawezi kumkagua kwa uhuru mtu anayeutoa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Bunge letu limewahi kuwa na meno. Ni kweli. Mwaka 1998 na 1999 liliwapigia mawaziri wawili kura ya kutokuwa na imani. Lakini baada ya muda wote wawili walirudishwa katika baraza la mawaziri na rais yuleyule. Meno yalikuwepo, ila yalifika kwa mawaziri tu.

Tazama Afrika Kusini. Huko rais huchaguliwa na Bunge, na Bunge linaweza kumwondoa kwa kura ya walio wengi. Mwezi Agosti 2017 wabunge walipiga kura ya siri kuhusu Jacob Zuma. Alinusurika kwa kura 198 dhidi ya 177, ingawa baadhi ya wabunge wa chama chake mwenyewe walimkataa. Miezi sita baadaye chama chake kilimtaka aondoke, naye akajiuzulu, kama Thabo Mbeki alivyojiuzulu mwaka 2008. Hakuna kifaru kilichoingia barabarani. Sidai kwamba mfumo huo uliwafanya wanasiasa wa Afrika Kusini kuwa malaika. Walimvumilia Zuma kwa muda mrefu mno. Ninachosema ni kwamba siku walipoamua, mlango ulikuwepo.

Mlango huo nao una gharama yake. Lesotho, yenye mfumo wa kibunge, ilifanya uchaguzi mkuu mwaka 2012, 2015 na 2017, kwa sababu serikali za muungano zilikuwa zinavunjika kabla ya wakati wake. Mwananchi anayesubiri barabara na dawa hospitalini ana haki ya kuchoshwa na serikali zisizodumu. Lakini nikilazimika kuchagua kati ya serikali inayoanguka mapema na serikali isiyoweza kuangushwa kwa amani, nitachagua ya kwanza. Kosa la kuangusha serikali nzuri husahihishwa kwenye uchaguzi unaofuata. Kosa la kushindwa kuiondoa serikali mbaya tulilisahihisha kwa bunduki mwaka 1971, 1979, 1985 na 1986, na nyingine kati ya bunduki hizo zilituletea mabaya zaidi.

Mwaka 2018 tulichagua wenyeviti wa vijiji kwa mara ya kwanza tangu 2001, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Jjajja yangu alisimama katika mstari mfupi, macho ya kijiji kizima yakimtazama, wakiwemo jamaa zake waliokuwa katika mstari mrefu. Nilimuuliza kwa nini asijiunge na wengi, maana mtu wake alikuwa ameshashindwa. Akanijibu kwamba aliitwa aseme anamtaka nani, hakuitwa abashiri nani atashinda. Jjajja hakuwa na cheo cha kutazamia wala posho ya kupoteza. Ndiyo maana sidhani kwamba wabunge wetu ni watu wabaya kuliko yeye. Wamewekwa mahali ambapo kusimama katika mstari mfupi kunagharimu sana.

Kwa hiyo, mwalimu, jibu langu ni hili. Hakuna mfumo uliotulinda, kwa sababu katika yote miwili waliopewa kazi ya kumzuia mtawala waliogopa bunduki yake au walitegemea mkono wake. Leo ningeibadilisha hoja ya mdahalo wetu. Ningependa tujadili kama mbunge akatazwe kuwa waziri, na kama Bunge lipewe uwezo wa kumwondoa rais kwa kura ya siri ya walio wengi. Mambo hayo mawili yangepunguza gharama ya kusema imetosha. Kulisema neno lenyewe, hata hivyo, kutabaki kuwa kazi ya mtu aliyekalia kiti kile.