Marehemu Hasomewi Mashtaka

Turubai likishafungwa na majamvi kutandikwa, hata kabla mwili haujafika kutoka hospitali, swali la kwanza ni "Amekufaje?" Hilo halina ubaya. Ubaya uko katika la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini huku mtu akipokea kikombe cha kahawa: "Kwani alikuwa anafanya nini?" Amekufa ghafla? Basi alidhulumu. Ameugua miaka mingi? Analipishwa. Kijana kaanguka na bodaboda? Hakuwasikia wazazi. Mwishowe mmoja hutikisa kichwa, akasema malipo ni hapahapa duniani, na wenzake wakaitikia kana kwamba kasoma aya.

Si aya. Maneno hayo hayamo katika Kurani wala katika Biblia, na nimeona leo tuvifungue vitabu vyote viwili, maana kwenye misiba yetu Mwislamu na Mkristo hukaa jamvi moja wakamsengenya marehemu mmoja.

Vinatofautiana, tusifichane. Kwa Mkristo, kifo ni mvamizi. Katika Mwanzo, Adamu anaonywa kwamba akila tunda atakufa. Anakula, anaambiwa atarudi mavumbini, na njia ya mti wa uzima inalindwa na makerubi. Paulo anaeleza katika Warumi sura ya 5 kwamba dhambi iliingia kwa mtu mmoja, kifo kikaifuata nyuma hadi kikawafikia wote. Kwa Wakorintho anakiita adui wa mwisho atakayeangamizwa. Ndiyo maana Pasaka ina uzito ilio nao.

Kurani inaanzia pengine. Katika Al-Baqara, Mwenyezi Mungu anawaarifu malaika kuwa ataweka khalifa duniani, na Adam bado hajaukaribia mti. Adam na mkewe wanateleza, wanatubu, wanasamehewa. Kosa linaishia hapo, wajukuu hawalirithi. Kisha tazama chambo cha Shetani katika sura ya Taha: anamwahidi Adam mti wa kuishi milele. Mimi naona kwamba asiye na habari ya kufa hadanganyiki kwa ahadi ya kutokufa. Na sura ya Al-Mulk inasema wazi kuwa mauti na uhai vimeumbwa viwe mtihani.

Kwa hiyo ukimuuliza mchungaji na sheikh kwa nini binadamu hufa, utapata majibu mawili. Ukiwauliza kwa nini fulani kafa jana, hakuna kitabu kinachompa yeyote kati yao ruhusa ya kukutajia dhambi zake.

Chukua maiti ya kwanza kabisa. Wana wawili wa Adam wametoa sadaka. Mmoja kakubaliwa, mwingine kakataliwa. Katika Mwanzo sura ya 4 na katika Al-Maida vilevile, anayekufa ni yule aliyekubaliwa. Muuaji, yaani Kaini, anabaki na pumzi zake, na Kurani inamleta kunguru akifukua ardhi ili amwonyeshe namna ya kumsitiri nduguye. Kifo kingekuwa kipimo cha dhambi ya mtu, Kaini ndiye angetangulia kaburini.

Katika Luka sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: hapana, ila tubuni ninyi. Upande wa pili, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inawahesabu miongoni mwa mashahidi aliyekufa kwa tauni, kwa maradhi ya tumbo, kwa kuzama majini, na aliyeporomokewa na jengo. Likumbuke ghorofa la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024. Kwa hadithi hii, Mwislamu aliyefia chini ya kifusi kile anatarajiwa kupata daraja la shahidi, na wewe unamtafutia kosa!

Utaniambia: mbona Firauni alizamishwa? Mbona Anania na Safira, katika Matendo ya Mitume, walianguka wakafa kwa uongo wao? Kweli. Lakini sababu ya vifo hivyo tumeambiwa na maandiko yenyewe. Wewe unayenong'ona jamvini, ufunuo umekushukia saa ngapi? Sura ya An-Nahl inasema Mwenyezi Mungu angewachukua watu papo hapo kwa dhuluma zao, asingebaki kiumbe hata mmoja juu ya ardhi. Hata huyo mnong'onaji asingekuwapo.

Dhambi ipo, na hesabu ipo. Waraka kwa Waebrania unaiweka hukumu baada ya kifo. Bukhari amepokea kutoka kwa Aisha kwamba Mtume Muhammad alikataza kuwatukana wafu, kwani wamekwishafika kwenye waliyoyatanguliza.

Alichokiuliza Mtume mbele ya jeneza ni deni. Aliposikia marehemu anadaiwa na hakuacha cha kulipia, alisita kumsalia, mpaka swahaba wake Abu Qatada akajitolea kulilipa. Hilo ndilo swali la kuulizwa msibani, na wanaoliuliza kwa dhati ni wachache kuliko wanaouliza lile la kwenye kahawa. Basi ndugu yangu, ukimjua marehemu kwa ubaya, nyamaza. Na kama unamdai, usilalamike pembeni: waone warithi baada ya maziko ukiwa na ushahidi wako mkononi, au simama umsamehe mbele ya watu, watoto wake wakusikie.