Umri wa Kujibu



Watoto wetu hapa Mwandiga hutazama katuni ya nguva Ariel, iliyotoka Marekani mwaka 1989. Binti ana miaka 16. Filamu haijaisha, amekwisha kuolewa, nasi wazee twafurahi nao. Tusiwalaumu Wamarekani tu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, mvulana akingoja 18. Rebeca Gyumi aliipinga. Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, ya Rufani mwaka 2019. Rebeka mwingine, wa Mwanzo 24, ndugu zake walikwisha kumposesha, hata hivyo walimwita wakamwuliza kama atakwenda. Matangazo ya ndoa yasomwapo kanisani, nani kati yetu amemwuliza binti, tena mwenye umri wa kujibu?