Misa Inayofika kwa Kuchelewa

Huko Kibati, chini ya volkeno ya Nyiragongo, kwenye barabara inayoelekea Rutshuru, anayefuata misa ya Goma kwa simu anakijua vizuri kile kiduara kinachozunguka. Padri ameganda mikono juu, sauti imekatika katikati ya neno, na mwenye simu hajui kama aendelee kusali au angoje. Wapo wanaosema sala ya namna hiyo ni bure: mwenye rezo (mtandao) nzuri ameshiriki, mwenye rezo mbovu ametazama picha tu. Nadhani wamekosea, na kosa lao linaonekana ukiichunguza mitambo yenyewe.

Video ya moja kwa moja hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kwa kawaida simu hujiwekea kwanza akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha cha kwanza. Ndiyo maana hata mwenye intaneti ya kasi Bruxelles mara nyingi huona jambo lililokwisha kutokea sekunde 20 au 30 zilizopita. Kiduara hutokea akiba inapomalizika kabla kipande kingine hakijafika: mnara umeelemewa na watu, ukuta wa mawe umeizuia Wi-Fi, au simu moja inazigawia nyingine tatu mega zake. Dawa ya kwanza ni kuzima hizo nyingine, kusogea karibu na dirisha, na kushusha ubora wa picha hadi 360p. Ikishindikana, kubaki na sauti peke yake, ambayo hula data kidogo sana. (Wengi huona heri uso wa padri unaokatikakatika kuliko mahubiri yanayosikika vizuri; sijui kwa nini.) Kuchelewa, basi, ni hali ya kila mtazamaji, na kukwama kunaongeza tu kipimo chake. Hata ndani ya kanisa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo aliyeketi mlangoni husikia baada ya aliye mbele. Ikiwa kuchelewa kunabatilisha sala, basi hakuna aliyewahi kusali pamoja na mwenzake.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini nisitazame misa ya Pasaka ya mwaka jana? Kwa sababu misa ni tendo la saa nzima, si la nukta moja. Aliyebaki nyuma kwa nusu dakika, au hata dakika kumi, bado yumo ndani ya tendo linaloendelea, na padri anapowaombea wanaomfuata kwa mbali, anamwombea na yeye. Tendo la mwaka jana limefungwa. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kidogo: rezo ikirudi, uendelee pale ulipoachwa, au ubonyeze kitufe cha kukupeleka mbele, walipo wengine? Mimi naona heri kuendelea. Anayeruka amepata saa ya wenzake na kupoteza neno walilokusanyikia.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Waislamu. Mwanachuoni wa Moroko, Ahmad al-Ghumari, aliandika katika karne iliyopita kutetea sala ya Ijumaa inayosaliwa nyumbani nyuma ya redio. Ulamaa wengi walimkatalia. Na kweli, sauti ikikatika watu wakiwa kwenye sijda, maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, hana imamu tena. Katika ibada ya kufuatana, kukwama kunajeruhi. Lakini hoja yao kubwa haikuwa saa, ilikuwa safu za wanaosali: lazima ziungane. Vatikani nayo, katika waraka wake wa 2002 kuhusu Kanisa na intaneti, ilisema hakuna sakramenti kwenye intaneti. Hilo nalikubali lote, maana halihusu kasi. Kwa mfano, lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara kati ya Kibati na Goma, na kesho yake ilikuwa Pentekoste. Rezo bora kuliko zote ingeweza kuvusha mahubiri juu ya mawe yale ya moto. Isingeweza kuvusha komunyo, wala mtu wa kumbebea godoro jirani anayekimbia lava. Parokia inayomtumia mgonjwa mega ili afuate misa inafanya vizuri, mradi isimhesabu kati ya wagonjwa iliowatembelea.