Boriti Zikishabadilishwa

Boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba kongwe za Lamu huliwa na mchwa na kuozeshwa na mvua. Fundi huzitoa moja moja na kuweka mpya. Chokaa nayo hupakwa upya, kizazi kwa kizazi. Basi nyumba ya karne ya 18 ambayo boriti zake zote zimebadilishwa, je, ingali nyumba ileile? Wengi hutazama ukuta: maadamu matumbawe ni ya kale, nyumba ni ya kale. Jibu hilo halinitoshi. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya sitara, yaani kuwastiri wakaao humo na macho ya watu wa nje, na mpango wa sitara ndio nyumba yenyewe.

Mgeni asiye wa ndani hukomea dakani, kibarazani mlangoni, kwenye viti vya mawe vinavyoelekeana. Akikaribishwa hupita tekani, ambapo njia hupinda ili jicho la barabarani lisifike kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Mbele ya kiwanda kuna vyumba vya misana, msana wa tini na msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Boriti haivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Upungufu wa mti umegeuzwa kuwa daraja za faragha. Ukuta wa chumba cha ndani ndio wenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimezungushiwa plasta iliyochongwa, wakati ule wa nje hauna pambo ila mlango. Anayepita njiani haonyeshwi mali ya mtu. Fikihi ya Kishafi, iliyotawala pwani hii, ina hukumu inayofanana na hoja yangu: msikiti ukibomoka, hata ikishindikana kuujenga tena, hauuzwi, kana kwamba bado ni msikiti. Makazi si msikiti, najua, lakini wanazuoni walikwisha kukitenga kitu na mawe yake.

Itasemwa: ikiwa nyumba ni mpango, nakala iliyojengwa jana Nairobi nayo ni nyumba kongwe ya Lamu? Hapana, maana mpango huu hurithiwa kwa kuishi humo na kukarabati. Nakala haikurithi kitu. Kwa upande wa pili, nyumba iliyotobolewa misana yake ili mgeni wa hoteli aione bahari akiwa kitandani imekwisha kuwa nyingine, hata kama hakuna jiwe lililoondoka na mtaa wote umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Mara nyingi ghorofa ya chini ilikuwa ya ghala na watumwa, na sitara ya mwungwana wa juu ilisimama juu ya kazi ya mwanamke aliyenyimwa sitara hiyohiyo. Nakubali kabisa, na hoja yangu hainipi pa kujificha: kama mpango ndio nyumba, basi na chumba kile cha chini ni nyumba. Anayemsimulia mgeni zidaka za juu na kumpitisha haraka pale chini hajamwonyesha nyumba, amemwonyesha plasta.