KUSIHIRIKA NI NENO GANI?

Tulipopanda ukingoni mwa Longonot, mlima wa mita 2,776, kijana mmoja wa darasa letu aliutazama msitu ulio ndani ya shimo la volkeno na mvuke utokao mwambani, akasema: “Sheikh, nimesihirika.” Mwenzake akamkanya kuwa ametamka neno la kufuru. Tukaona haja ya kulipima.

Sihiri tumeipokea kwa Waarabu. Kwao ni kukigeuza kitu na hali yake ya kweli, au jambo ambalo sababu yake imefichika. Wachawi wa Firauni waliyasihiri macho ya watu. Kamba zilibaki kamba. Kuroga ni neno jingine, la Kibantu: Wakikuyu humwita mchawi murogi, Waganda omulogo. Hilo ni dhara tupu.

Basi kijana hakukufuru. Lakini tulimwuliza: je, jicho lako limegeuzwa likaona lisilokuwako? Msitu upo, na mvuke una sababu, nayo ni moto wa chini ya ardhi. Aliyeona kweli hakusihirika, amestaajabu. Aliyesihirika, tuwieni radhi, ni yule mzee wa mjini kwetu anayemlipa mganga ili aambiwe ni jirani gani aliyemroga, na tangu siku hiyo haitikii salamu ya jirani huyo.