Picha Iliyokatwa

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi hudhani uongo ni neno litokalo kinywani tu. Je, picha nayo yaweza kushuhudia uongo, hali kila kilichomo ndani yake ni cha kweli?

Mwezi wa Januari 2020, huko Davos katika nchi ya Uswisi, wanawake vijana watano watetezi wa tabianchi walipigwa picha pamoja. Mwafrika alikuwa mmoja tu, Vanessa Nakate wa Uganda. Shirika la habari la Associated Press lilipoitoa picha ile, walionekana wanne, Wazungu watupu. Nakate, aliyesimama pembeni, alikuwa amekatwa. Ilielezwa kwamba mpiga picha alikuwa na haraka, na kwamba jengo lililokuwa nyuma lilimharibia picha. Baadaye shirika liliomba radhi, likatoa picha nzima.

Hakuna uso uliogeuzwa hapo. Hata hivyo, aliyeitazama aliamini kwamba Afrika haikuwapo. Ikiwa mkataji hakukusudia kudanganya, hatuwezi kumhesabia dhambi ya uongo. Lakini jirani amekwisha kudhulumiwa, na haki yake yadai kurudishwa.

Siku hizi mafundi wanayo njia ya kugundua picha zilizoguswa. Kompyuta huipunguza picha hata ibaki na miraba 64 tu, 8 kwa 8, isiyo na rangi. Mraba wenye mwanga kupita wastani hupewa 1, wenye giza hupewa 0. Mfululizo wa tarakimu hizo huitwa hashi. Picha ikipunguzwa ukubwa tu, hashi hubaki karibu ile ile. Ikikatwa sana, tarakimu nyingi hubadilika. Ni akili njema kweli. Lakini yahitaji picha ya asili ya kulinganisha nayo, na mtu wa Ilomba apokeaye picha kwa simu hanayo. Tena uso mmoja mdogo katika umati waweza kufutwa bila tarakimu hata moja kugeuka. Si kosa la kompyuta. Hesabu hiyo iliundwa isijali mambo madogo. Sisi hatukuumbwa hivyo.

Basi, aliyekwisha kusambaza picha iliyokatwa, ikamwaibisha jirani, anadaiwa nini? Twajibu: awapelekee picha nzima wale wale aliowapelekea ile pungufu. Kuifuta katika simu yake mwenyewe hakutoshi, maana wao wangali nayo.